Vuta Mkia Tuone: Nadharia za Kijiweni Kuhusu Fumo Liyongo

Ndugu msomaji, kaa kijiweni jioni yoyote, iwe Majengo, Chang'ombe au Area C hapa Dodoma, uwasikilize vijana wakizungumza habari za mazimwi, majoka na viti vya enzi. Kijana ambaye Fasihi ilimpa sifuri atakueleza bila kupepesa macho mama yake Jon Snow ni nani, nani alificha siri hiyo, na ushahidi ulidondoshwa sehemu gani ya hadithi. George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo ule mwaka 1996. Wasomaji wakakisia jibu miaka mingi kabla televisheni haijalionyesha mwaka 2016. Hebu fikiri: miaka karibu ishirini watu wanabishana juu ya mama wa mtu ambaye hajapata kuishi! Wapenzi wa Tolkien nao wana ugomvi wao. Kitabu kilianza kutoka mwaka 1954, na mpaka leo hawajakubaliana Tom Bombadil ni kiumbe wa namna gani.

Mimi siwacheki hata kidogo. Nawaonea wivu. Maana sisi tunaye mtu mrefu kuliko wote hao, mwenye pembe zinazopasuka akizipuliza, mwenye mkoba unaobeba jiko zima, asiyeingiwa na mkuki wala mshale. Tunaye Fumo Liyongo. Mbona yeye hatumpeleki kijiweni? Wengi tulikutana naye darasani, tukakariri "dhamira tano na tamathali nne", tukamwacha pale pale pamoja na sare ya shule.

Katika makala haya nataka kumtoa darasani. Nitazipima nadharia nilizosikia na nyingine za kwangu mwenyewe juu ya wahusika wa hadithi yake. Na kwa kuwa jarida hili husomwa na watu wanaotaka kuandika, nitasema pia kwa nini nadhani jambo hili linatuhusu kuliko mtihani.

KWANZA, HADITHI IKO WAPI?

Tuelewane. Liyongo hana kitabu kimoja. Utenzi tunaoujua sana ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kabla ya hapo, Edward Steere alikwisha kuchapa masimulizi ya nathari katika kitabu chake cha mwaka 1870 cha hadithi alizosimuliwa Unguja. Kuna mashairi na nyimbo zinazosemekana ni za Liyongo mwenyewe, na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule wa Al-Inkishafi, aliutungia takhmisi wimbo mmojawapo. Mwaka 1999 M. M. Mulokozi aliuweka utenzi huu katika Tenzi Tatu za Kale. Emmanuel Mbogo naye akamtia Liyongo jukwaani kwa tamthilia. Huo ni mfululizo kamili, bwana, isipokuwa hauna mwandishi mmoja wa kumwuliza. Kila fanani aliacha pengo lake, na mwenzake akaliziba au akalipanua.

Ndiyo maana nadharia haziepukiki. Mahali penye masimulizi mawili, msomaji lazima achague, na akichagua lazima aseme sababu.

Sisi watu wa Dodoma hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Jina la mji wetu lenyewe lina hadithi mbili. Ya kwanza inasema tembo alikwenda kunywa maji, akazama katika tope, watu wakapaita Idodomya, yaani mahali palipodidimia. Ya pili inasema watu waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakala nyama yote, wakabakiza mikia. Wenyewe walipokuja kutafuta mali yao, wezi wakaichomeka mikia katika tope wakasema: poleni, ng'ombe wenu wamezama, tazameni mikia hiyo.

Hadithi hii ya pili naipenda kwa sababu inafundisha uhakiki. Nadharia nyingi za kijiweni ni mikia iliyochomekwa. Unaonyeshwa kitu kidogo kinachochungulia juu ya tope, unaambiwa chini yake kuna ng'ombe mzima. Dawa ni moja: vuta mkia. Kama kuna ng'ombe utamsikia uzito. Kama hakuna, utabaki na mkia mkononi.

NADHARIA YA KWANZA: LIYONGO NI WENGI

Wapo wanaosema Liyongo hakuwa mtu mmoja. Hoja yao ni kwamba "fumo" lilikuwa jina la cheo katika pwani ya kaskazini, na kwamba wataalamu wametofautiana mno juu ya wakati wake. Wengine wanamweka katika karne ya tisa au ya kumi, wengine wanamleta mpaka kwenye mwaka 1600 au karibu yake. Mtu hawezi kuishi miaka mia saba, wanasema, kwa hiyo ni watu kadhaa waliounganishwa na wasimulizi.

Mkia huu una uzito kiasi. Lakini kwa msomaji wa hadithi haubadilishi chochote. Hata kama walikuwa kumi, aliyekufa kisimani ni mmoja. Tuwaachie wanahistoria, tuendelee.

Ipo na dada yake nadharia hii, inayotaka Liyongo awe mgeni: Mshirazi, Mwajemi, yeyote, mradi ametoka ng'ambo. Hii nimeivuta nikabaki na mkia mtupu. Mtu anayekula makoma porini, anayecheza gungu na mwao, anayeoa kwa Wagala, anayezikwa Ozi karibu na mdomo wa mto Tana, unamtafutia Uajemi kwa nini? Tabia ya kudhani kila jitu kubwa lazima lilishuka merikebuni ndiyo hiyo hiyo inayomfanya kijana wa leo aandike riwaya yenye theluji na yeye hajapata kuiona.

NADHARIA YA PILI: KITI KILIKUWA CHA NANI?

Hapa pananoga. Daudi Mringwari ndiye sultani wa Pate, Liyongo ni shujaa wa Shaga, na wote wawili ni ndugu wa ukoo. Kwa nini mmoja anatawala na mwingine anawindwa? Wapo wachambuzi wanaoona nyuma ya ugomvi huu mifumo miwili ya urithi inayogongana, mmoja wa kufuata mama na mwingine wa kufuata baba. Joseph Mbele aliandika mwaka 1986 juu ya swali la shujaa huyu ni nani hasa, na tangu hapo haitoshi tena kusema "Liyongo mzuri, sultani mbaya" ukaweka kalamu chini.

Kwa mtu wa bara jambo hili si geni. Wagogo tunahesabu ukoo kwa baba. Panda basi kwenda Morogoro, utapita kwa Wakaguru na kufika kwa Waluguru, ambao tangu zamani ukoo wao unakwenda kwa mama. Safari ya nusu siku tu, na swali la "mtoto ni wa nani" linageuka kabisa. Sasa weka mifumo yote miwili katika nyumba moja yenye kiti kimoja cha enzi. Utapata vita bila kumhitaji mtu mbaya.

Ukisoma hivi, Mringwari hawi shetani tena. Anakuwa mtu mwenye hofu. Anawakodi Wasanye na Wadahalo wamwue Liyongo porini, wakapanga kikoa cha makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo akauchagua mkoma mrefu kuliko yote, akayaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama chini! Mfalme anayeshindwa namna hiyo hulala usingizi gani? Mtunzi chipukizi, jifunze hapo. Adui mwenye sababu anatisha kuliko adui mwenye meno.

NADHARIA YA TATU: KWA NINI KITOVU?

Silaha zote hazimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mashujaa wa namna hii wapo kwingine pia. Achilles wa Wagiriki alikuwa na kisigino, Siegfried wa Wajerumani alikuwa na mahali pamoja mgongoni palipofunikwa na jani. Lakini kisigino cha Achilles ni mahali mama yake alipomshika alipomtumbukiza majini, na mgongo wa Siegfried ni bahati mbaya ya jani. Kitovu ni kitu kingine. Kitovu ndipo mtu alipounganishwa na mamaye.

Nadharia inasema hivi: Liyongo hawezi kuuawa na adui kwa sababu mlango wake pekee ni ule wa damu. Anayeweza kuufikia ni ndugu. Tuuvute mkia huu. Kwanza, majaribio yote ya watu baki yanashindwa: makoma, gereza, askari. Pili, anayemwokoa gerezani ni mama, na anayemwua ni mwana. Tatu, angalia vyombo vyenyewe. Mama anampelekea tupa ndani ya mkate wa pumba, akakata minyororo. Mwana anamletea sindano, akamtoboa. Vitu viwili vidogo vya madini, vyote vimefichwa, vyote vimeletwa na damu yake. Kimoja kinamfungua, kingine kinamfunga.

Hapa mimi nasikia uzito wa ng'ombe mzima. Utenzi hausemi popote "kitovu maana yake ni ukoo", na wala hauna haja ya kusema. Umepangwa hivyo. Ukibadilisha kitovu ukaweka sikio, hadithi inapungua.

NADHARIA YA NNE: ALIJUA

Hii ndiyo inayowagombanisha watu kuliko zote. Mwana anamwuliza babaye kitu gani kinaweza kumwua. Baba anaelewa kwamba mtoto ametumwa. Anamwambia kabisa kuwa hao waliomtuma wamemhadaa na hatapata walichomwahidi. Halafu anamtajia sindano ya shaba! Sasa jamani, mtu anajua ametegewa, na bado anatoa ufunguo?

Nilipokuwa sekondari niliandika katika jaribio kwamba Liyongo alikufa kwa hiari. Mwalimu mmoja akanipiga mkasi mwekundu na kuandika kuwa jibu hilo halimo. Jibu lililokuwamo ni "usaliti". Ni kweli, usaliti upo, hakuna anayekataa. Lakini neno moja haliwezi kubeba tukio lote hili.

Nimekusanya maelezo manne ya kijiweni. La kwanza ni kwamba alichoka, maana mtu aliyewindwa porini, akafungwa, akatoroka, akawindwa tena, mwishowe huitamani pumziko. La pili, mapenzi ya baba yalimzidi akili. La tatu, kiburi: hakuamini kwamba mkono wa mtoto wake ungethubutu. La nne ni la wale wanaopenda visasi. Wanasema alimtega mwana, akijua kuwa akishaua atanyimwa zawadi na atakufa kwa aibu.

Tuvute. La nne linaonekana zito kwa sababu mwana kweli anakosa yote, cheo na binti wa sultani, anaugua na kufa. Lakini matokeo si nia. Liyongo anamwonya mwana, na mtegaji haonyi windo lake. Mkia mtupu. La tatu nalo linakataliwa na onyo hilo hilo, kwa kuwa anayeonya ameshaamini kwamba hatari ipo. Yanabaki mawili ya kwanza, na mimi nayaunganisha. Liyongo alikuwa na ngao dhidi ya dunia nzima isipokuwa watu wake. Kumnyima mwana jibu kungemaanisha kuanza kujikinga na damu yake mwenyewe, na hapo angebaki peke yake kuliko alivyokuwa gerezani. Akachagua kusema kweli, akamwachia mwana mzigo wa kuamua. Onyo lilikuwa nafasi ya mwisho ya mtoto kuwa mtoto.

Na huyu mwana, ambaye tunamwita "mwana wa Liyongo" tu, mimi namwonea huruma. Ni kijana aliyeitwa mjini na wakubwa, akaahidiwa cheo na mke. Vijana wangapi tunawajua waliotumwa na wakubwa kufanya kazi chafu kwa ahadi ya cheo, na kazi ilipokwisha simu hazikupokelewa tena? Swali la utenzi ni la leo kabisa.

NADHARIA YA TANO: SHUJAA NI SAADA

Hii ndiyo ninayoipenda, nasema wazi. Liyongo yuko kifungoni. Kila siku mama anapeleka chakula kizuri, askari wanakila. Anayekibeba ni kijakazi, Saada. Liyongo anampa Saada ujumbe kwa wimbo mbele ya walinzi wale wale: mama aoke mkate wa pumba, ndani yake aweke tupa. Walinzi wanasikia wimbo tu. Saada anasikia maagizo. Anarudi na vyakula vitamu pamoja na mkate ule mbovu. Walinzi wanachukua vitamu, wanaudharau wa pumba, na Liyongo anaupata.

Hesabu kazi aliyoifanya. Alishika wimbo kichwani bila kupoteza neno. Aliufikisha. Alipita mbele ya watu wenye silaha na chuma ndani ya mkate, uso haujabadilika. Angekamatwa, nani angekufa wa kwanza? Mtoto wa ukoo wa kifalme hukawizwa mpaka achezewe ngoma yake ya mwisho. Mjakazi hakawizwi.

Halafu tazama namna mpango wenyewe ulivyofanya kazi. Haukutegemea nguvu za Liyongo hata kidogo. Ulitegemea ukweli kwamba watu wenye tamaa hawaangalii pumba. Nenda soko la Majengo uone pumba zinauzwa kwa ajili ya kuku na nguruwe, nani anachungulia ndani ya gunia? Mkate wa pumba na Saada ni kitu kimoja: vyote havitazamwi, na vyote vimebeba tupa.

Baada ya hapo ngoma inapigwa, matari na matoazi yanarindima, Liyongo anakata minyororo chini ya kelele, watu wanakimbia. Na Saada? Hadithi haimfuati tena. Alikwenda wapi usiku ule? Askari walipokumbuka nani alileta mkate, walimfanyia nini? Je, alibaki mtumwa katika nyumba ya mtu aliyemwokoa?

Wenye kupinga watasema: unachomeka mkia, utenzi haujamwita Saada shujaa. Nakubali kwamba haujamwita. Ila matendo yake yamo, sijayaongeza mimi. Nilichofanya ni kuyasoma mfululizo badala ya kuyapita. Tofauti ya nadharia nzuri na uzushi ni hiyo: nzuri inakurudisha kwenye maandishi ukaone kilichokuwapo siku zote, uzushi unakufukuza mbali nayo.

KISIMA, KWA MACHO YA MTU WA DODOMA

Naomba niongeze moja ambayo sijaisikia kijiweni. Liyongo akishachomwa anachukua upinde na mishale, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakufa katika hali hiyo. Watu wanamwona, wanadhani yu hai, hawathubutu kuteka maji. Mama anakuja kumbembeleza, kumbe anabembeleza maiti.

Darasani tulifundishwa kuwa huo ni ushujaa, amekufa akiwa tayari kwa vita. Lakini sisi tumekulia mji wenye mvua chache na miezi mingi mikavu. Mtu akiziba kisima hatusemi "shujaa". Tunauliza watoto watakunywa nini. Nani anakwenda kisimani? Wanawake na mabinti, akina Saada. Sultani ana watu wa kumtafutia maji. Mshale wa mwisho wa Liyongo umewaelekea watu waliompenda.

Nadharia yangu ni kwamba mtunzi alijua hivyo. Shujaa akishakuwa mkubwa kupita kiasi huwatisha hata wake, na watu hawawezi kunywa mpaka aanguke. Utenzi unamlilia Liyongo na wakati huo huo unatuonyesha mji unaosubiri maiti idondoke ili uishi. Ukiweza kushika mambo hayo mawili kwa pamoja bila kuliachia moja, umeshasoma.

KWETU SISI TUNAOANDIKA

Ugonjwa wa nadharia upo pia, nisiufiche. Wako wanaogeuza kila hadithi kuwa fumbo lenye jibu moja, wakilipata wanaitupa hadithi kama ganda la muwa. Hao hawana tofauti na mwongozo wa mtihani. Liyongo si kitendawili cha kuteguliwa mara moja. Kila anayekisia vizuri anaiacha hadithi ikiwa kubwa kuliko alivyoikuta.

Lakini ugonjwa wetu sisi kwa sasa ni mwingine, ni ukimya. Wengi tunaosoma kurasa hizi tuliishia kidato cha nne. Hatuna kiti chuo kikuu cha kutoa hoja zetu, na darasani tulizoezwa kwamba maana ya hadithi iko kwa mtu mwingine. Matokeo yake, kijana mwenye kipaji anapotaka kuandika ulimwengu wa ajabu, anakwenda kukopa ulimwengu ambao wasomaji wake wameruhusiwa kuuchezea. Anaandika majumba ya mawe na mbwa mwitu wa theluji kwa sababu kule alipata kubishana, kukisia, kukosea na kupatia. Kwa Liyongo alipata mkasi mwekundu. Mtu haandiki juu ya nyumba aliyokatazwa kuingia jikoni.

Basi tuingie jikoni. Mimi riwaya ninayoiandika inaanzia pale utenzi unapomwachia Saada, usiku wa gungu, mikono yake ingali inanuka unga. Huenda mwenzangu wa Nkuhungu akaandika juu ya Mringwari asiyelala, na mwingine wa Kikuyu akampa mwana wa Liyongo jina. Tukigongana, tugombane katika kurasa hizi. Kila mtu alete mkia wake, na wenzake wauvute.